Hali ya Watu na Hali ya Ng'ombe: Historia ya Wanyama na Utulivu wa Moyo Kajiado na Kitengela

   Juma hili tunazungumza juu ya afya ya akili, na mlango tutakaoingilia ni historia. Tutaangalia jinsi watu wa Kajiado walivyoishi na wanyama tangu zamani, jinsi wanyama hao walivyowasaidia kubeba mizigo ya moyo, na yale yaliyowapata watu wanyama walipotoweka. Ukiishi Kitengela, Isinya, Bissil, Kiserian au Namanga, haya ni mambo ya kwako.

Tuanze na salamu. Mgeni akifika katika boma la Wamaasai, habari hazikomi kwa watu. Huulizwa hali ya watoto, kisha hali ya ng'ombe. Mtu wa mjini anaweza kucheka, akidhani kwamba wazee wanapenda mali kupita kiasi. Lakini hebu fikiri, mama. Ng'ombe wakiwa wazima, maziwa yapo, watoto wanalala wameshiba, mzee wa boma hana wasiwasi, na wewe unapata usingizi. Ng'ombe wakiugua, nyumba nzima huugua pamoja nao. Kwa hiyo anayeuliza hali ya ng'ombe anauliza pia: Je, mna amani? Je, mnalala? Swali hilo la afya liliulizwa katika maboma ya Kajiado kabla ya zahanati ya kwanza kujengwa.

Maisha ya boma la zamani

Wamaasai husimulia kwamba Enkai, yaani Mungu, aliwateremshia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Ng'ombe ni amana waliyokabidhiwa, wala si chakula tu. Hutajwa katika baraka, huimbiwa, na hutambuliwa mmoja mmoja kwa rangi, pembe na tabia. Mchungaji mzuri hahitaji kuhesabu kundi likirudi jioni. Hulitazama tu na kujua ni nani hayupo.

Katika maisha hayo mama alikuwa na nafasi yake. Nyumba aliijenga yeye mwenyewe, kwa fito, udongo na kinyesi cha ng'ombe. Aligawiwa ng'ombe wa kukamua kwa ajili ya nyumba yake, na watoto wake wa kiume waliwarithi ng'ombe wa nyumba hiyo. Yeye ndiye aliyesafisha vibuyu kwa kijinga cha mti wa oloirien, na yeye ndiye aliyeamua nani apewe maziwa na kiasi gani. Wana-mbuzi, wana-kondoo na ndama wachanga walilala ndani, karibu na watoto wake. Mtoto mdogo alianza kwa kuchunga hao wachanga karibu na boma. Akikua, alipanda ngazi hadi kuchunga ng'ombe mbali.

Sasa tuyatazame maisha hayo kwa macho ya afya ya akili. Wataalamu wa leo husema kwamba mtu huhitaji mambo machache ili moyo wake usimame imara. Anahitaji ratiba ya siku, ili ajue kwa nini anaamka. Anahitaji kuguswa na kugusa. Anahitaji kuona kwamba kuna anayemtegemea. Anahitaji kuwa na watu wa kuzungumza nao. Mama aliyekamua ng'ombe alfajiri alikuwa na yote hayo. Kulipopambazuka, alikuwa na la kufanya. Alipoegemea ubavu wa ng'ombe mwenye joto, pumzi zake zilitulia, kwa sababu ng'ombe hakamuliki kwa hasira. Mwenye haraka na kelele hunyimwa maziwa. Hata mama aliyeamka na huzuni alilazimika kuituliza mikono yake kwa muda ule, mara mbili kwa siku, kila siku.

Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa raha tupu. Kulikuwa na njaa, magonjwa, vita vya kunyang'anyana mifugo, na kazi nyingi zilizomlemea mwanamke. Tunasema tu kwamba mnyama alikuwa sehemu ya jinsi watu walivyojishikilia.

Emutai: miaka ya maangamizi

Jambo la thamani hujulikana zaidi linapopotea. Katika miaka ya 1880, homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia katika nchi ya Wamaasai. Kisha, karibu mwaka 1890 na 1891, ikafika sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika kupitia pwani ya Eritrea katika miaka ya 1880, ukashuka kusini ukiua ng'ombe na nyati kwa wingi. Haujapita, ndui ikawashika watu mwaka 1892. Wamaasai waliyaita mambo hayo Emutai, neno lenye maana ya kumalizwa kabisa.

Msafiri mmoja kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro mwaka 1892 na kuandika habari za watu waliokuwa mifupa na ngozi, wakizunguka kambi yake kutafuta chochote cha kula. Huku Kajiado na Ngong hali ilikuwa hiyo hiyo. Familia nyingi zilikimbilia kwa majirani Wakikuyu. Kuna akina mama waliowaacha watoto wao huko ili wapate chakula, na baadhi ya watoto hao walikulia huko moja kwa moja. Jaribu kuufikiria moyo wa mama huyo akirudi peke yake njiani. Hakuwa amepoteza maziwa tu. Ratiba yake ya siku, nafasi yake ya heshima na mtoto wake, vyote viliondoka katika misimu michache.

Je, walipona namna gani? Hapa kuna somo. Walipona kwa watu kwanza, na kwa wanyama baadaye. Undugu na majirani, ndoa kati ya jamii, na kulea watoto wa wengine ndivyo vilivyowavusha. Baadhi ya vijana walijiunga na misafara ya Waingereza na kulipwa kwa ng'ombe. Ndama mmoja mmoja, makundi yalianza kurudi. Kila aliyepewa ndama alipewa pia sababu ya kuamka asubuhi.

Ingefaa hadithi iishie hapo, lakini haikuishia. Kwa mapatano ya mwaka 1904, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa mara mbili, wengine Laikipia, wengine kusini. Kwa mapatano ya pili ya mwaka 1911, wale wa Laikipia nao waliamriwa kuhamia kusini. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1913 kupinga, lakini kesi ilitupwa. Watu na wanyama walikufa katika safari hizo. Wakongwe waliobeba kumbukumbu ya Emutai walijikuta wakihama tena.

Kuhusu sotoka, kuna habari njema, na sehemu yake ilitokea hapa hapa nchini. Daktari wa mifugo Walter Plowright alitengeneza chanjo yake huko Muguga, karibu na Nairobi, kuelekea mwaka 1960. Chanjo hiyo ilimpatia Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Sotoka ilithibitishwa kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, kwa nyati wa Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa duniani baada ya ndui. Yale mawili yaliyowamaliza watu wa Kajiado miaka ya 1890 sasa hayapo tena.

Waliyoyagundua wengine

Wakati watu wa Kajiado wakiishi na wanyama bila kuandika, huko Ulaya waliofungiwa kwa ugonjwa wa akili walikuwa wakifungwa minyororo na kupigwa. Mwaka 1796, William Tuke, mfanyabiashara wa chai na kahawa wa mji wa York, Uingereza, alifungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa kwa upole. Uani aliweka sungura, kuku na ndege wengine. Wagonjwa walitembea kati yao na kuwatunza. Ilionekana kwamba mtu aliyeshindwa kuzungumza na watu aliweza kumlisha sungura, na kutoka hapo akaanza kurudi kwa watu.

Karibu mwaka 1860, Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliandika kwamba mnyama mdogo huwa rafiki mzuri kwa mgonjwa wa muda mrefu. Miaka mia moja baadaye, daktari wa saikolojia ya watoto huko New York, Boris Levinson, aliona jambo kwa bahati. Mbwa wake Jingles alikuwa chumbani siku mtoto mmoja aliyejifungia moyoni alipoletwa mapema. Mtoto alimkumbatia mbwa na kuanza kuzungumza naye. Levinson aliandika habari hizo mwaka 1962. Wenzake wengine walimcheka, lakini leo hospitali nyingi duniani hutumia wanyama kusaidia matibabu.

Mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 92 wa moyo kwa mwaka mmoja. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani, 3 walikufa. Kati ya 39 wasiokuwa na mnyama, walikufa 11. Na mwaka 2015, watafiti wa Japani walionyesha kwamba mtu na mbwa wake wakitazamana machoni, miili yao wote wawili huongeza homoni ya oksitosini. Mama, unaijua homoni hiyo hata kama hujawahi kusikia jina lake. Ndiyo inayotiririsha maziwa unaponyonyesha, na ndiyo inayokufanya uyeyuke ukimtazama mtoto wako usoni.

Lakini tuwe wakweli. Si kila utafiti uliopata matokeo kama hayo. Kuna uliosema kwamba mwenye mnyama hana nafuu kuliko asiye naye. Mnyama humsaidia mtu anayempenda na mwenye uwezo wa kumtunza. Kwa asiyempenda, au aliyelemewa, anakuwa mzigo mwingine. Na ugonjwa wa akili unahitaji matibabu. Mbuzi hachukui nafasi ya daktari.

Kitengela inageuka mji

Turudi nyumbani. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilianzisha mashamba ya vikundi, ambapo familia nyingi zilimiliki ardhi ya malisho kwa pamoja. Shamba la kikundi la Kitengela liligawanywa kwa watu binafsi mwaka 1988. Mwaka 1990 sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje ilipitishwa, na viwanda vikajengwa Athi River, jirani kabisa. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala, na Kitengela palikuwa karibu. Ploti zikauzwa, seng'enge zikawekwa, nyumba za kupanga zikapanda ghorofa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya 150,000 mjini Kitengela.

Nani aliulizwa ardhi ilipouzwa? Mara nyingi, si mama. Mtafiti kutoka Norway, Aud Talle, aliishi na wafugaji wa Kajiado na kutoa kitabu mwaka 1988 kuhusu jinsi mabadiliko hayo yalivyowaathiri wanawake. Ardhi na mifugo vilipogeuka kuwa mali ya kuuzwa, iliyoandikwa jina la mwanamume, mama alibaki na kazi zake lakini sauti yake ikapungua. Ng'ombe aliyekuwa wa nyumba yake aliweza kupakiwa kwenye lori asubuhi bila yeye kujua. Usiku ule hakuna wa kukamua, na hakuna aliyemuuliza moyo wake unasemaje. Msikilizaji, huzuni kama hiyo haina msiba wala matanga, kwa hiyo hakuna anayekuja kumpa pole. Lakini ni huzuni ya kweli.

Na mama aliyehamia Kitengela kutoka Machakos, Kisii au Murang'a naye ana historia yake. Aliacha kuku, ng'ombe na paka wa nyanya yake, akaja kwenye chumba kimoja ambapo mwenye nyumba hataki hata kuku. Siku nzima yuko na mtoto mchanga, mume yuko kiwandani zamu ya usiku, jirani hamjui. Upweke wa namna hiyo ni hatari hasa katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua. Kama huwezi kufuga, bado kuna njia. Mpeleke mtoto akaone mbuzi wakipita jioni. Tembeleaneni na jirani mwenye kuku. Hata kuwamwagia ndege punje chache za mahindi dirishani kila asubuhi kunampa mtoto jambo la kungojea, na kunakupa wewe sababu ya kufungua dirisha.

Punda, msaidizi wa mama

Kuna mnyama mmoja ambaye watu humtaja kwa dharau, nasi akina mama wa Kajiado tunamjua thamani yake. Ni punda. Anabeba madumu ya maji kutoka mtoni na kisimani, anabeba kuni, anabeba mizigo siku ya soko. Mama mwenye punda hurudi nyumbani na nguvu kidogo za kumkumbatia mtoto. Asiye na punda hurudi mgongo ukiuma na hasira mdomoni. Afya ya akili ya mama huanzia mgongoni.

Kuanzia mwaka 2016, vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini Kenya, hasa kwa ajili ya ngozi inayopelekwa China kutengenezwa dawa. Wizi wa punda ukaenea. Mama alilala na punda wanne, akaamka akakuta fuvu na kwato kichakani. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imehesabu punda takriban milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Wafugaji, akina mama wakiwemo, waliandamana na kulalamika, na Februari 2020 serikali ikatangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mahakama Kuu iliiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, lakini Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Historia hii inatufundisha kwamba kilio cha mama kuhusu mnyama wake kikiungwa na wenzake husikika mbali.

Simba na usingizi

Si kila mnyama huleta utulivu. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na upande wake wa kusini, unaoelekea Kitengela, haukufungwa ua kama pande nyingine. Simba huvuka usiku. Familia inayosikiliza ngurumo karibu na zizi hailali, na watu wasiolala hukasirika haraka na kuugua haraka. Juni 2012 simba sita waliuawa na wananchi Kitengela baada ya kuingia zizini na kuua mbuzi na kondoo.

Kabla ya hapo kijana mmoja wa eneo hilo, Richard Turere, alikuwa amepata njia nyingine. Akiwa na umri wa miaka 9, alipewa kazi ya kuwachunga ng'ombe wa baba yake. Aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha taa ndogo, betri na paneli ya jua, zikawa zinawaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Mama yake sasa angeweza kulala. Na tazama: mtoto aliyepewa jukumu la mnyama, na hofu ya kumpoteza, alipata akili ya kutatua tatizo, na heshima mbele ya wazee.

Ng'ombe wakifa, mtazame mwenye ng'ombe

Sasa tufike kwenye jambo zito la leo. Ukame wa 1961, wa 1984, wa 2009, na ule ulioanza mwishoni mwa 2020 hadi 2023, yote ilipita Kajiado na kuacha mizoga. Katika ukame huo wa mwisho, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Serikali na mashirika huleta unga, nyasi na maji. Ni mara chache mtu huletwa wa kuuliza: Mzee, moyo wako ukoje?

Baba aliyekuwa na ng'ombe 80 akabaki na 6 hapotezi pesa tu. Wale ng'ombe walikuwa jina lake, kazi yake, mahari ya wanawe na masikio yaliyosikia wimbo wake. Wengi huzoea kujikaza. Hakuna machozi, lakini angalia: halali, au analala mchana kutwa. Hali chakula. Anaketi peke yake mbele ya zizi tupu. Ameanza pombe, au ameiongeza. Anagombeza watoto bila sababu. Anagawa vitu vyake alivyovipenda. Anasema maneno kama vile afadhali nisingekuwepo. Hizi ni dalili, na wewe mlezi ndiye utakayeziona kwanza. Ziangalie pia kwako mwenyewe, maana mama naye hupoteza, tena hutakiwa kupika siku hiyo hiyo.

Ufanye nini? Kwanza, usimwambie kwamba ni ng'ombe tu, watanunuliwa wengine. Keti naye. Mwache ataje ng'ombe wake mmoja mmoja, kwa rangi zao, kama anavyotaka. Pili, mwombe mzee mwenzake au mtu wa rika lake aje kuketi naye. Tatu, kama maneno yake yanakutisha, muulize waziwazi: Je, unafikiria kujiua? Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kuogeshea mifugo na vitu vingine vya hatari, na mfikishe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo.

Zamani familia ziliogopa kwenda hospitali, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu alitoka wodini akapelekwa seli. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Basi msifiche mgonjwa. Mpelekeni.

Na akianza kupata nafuu, kumbuka somo la Emutai. Watu kwanza, kisha ndama. Mbuzi mmoja wa kutunza, au kuku watano, humrudishia mtu ratiba ya asubuhi. Mtoto aliyempoteza mbwa au mwana-mbuzi wake naye aruhusiwe kulia. Mwache amzike mnyama wake, kama hakufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, naye atakuwa amejifunza jinsi ya kuomboleza kabla ya misiba mikubwa kumfikia.

Usalama nyumbani

Kabla hatujaagana, mambo machache ya kulinda afya. Mbwa na paka wapate chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha wahi hospitali akachanjwe, hata kama kidonda ni kidogo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili, hauna tiba. Chemsha maziwa kabla ya kunywa, ili kujikinga na brusela. Usiwape mbwa mapafu na maini mabichi ya mnyama aliyechinjwa, kwa sababu ndipo minyoo ya tegu hupitia na baadaye kuleta uvimbe tumboni mwa binadamu. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimaliza kucheza na wanyama. Na mama mjamzito, mwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa kinyesi cha paka.

Mambo ya kukumbuka

1. Kumtunza mnyama hutupa ratiba, mguso na heshima, lakini hakuchukui nafasi ya matibabu.
2. Kumpoteza mnyama ni msiba. Aliyepoteza apewe pole.
3. Aliyekata tamaa asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya.
4. Mnyama asiyechanjwa ni hatari kwa mtoto wako.

Maswali ya kikundi

1. Katika ukame uliopita, ni nani kijijini au mtaani kwenu aliyepoteza mifugo na hajawahi kuulizwa hali ya moyo wake?
2. Mama anayeishi nyumba ya kupanga Kitengela anaweza kusaidiwaje asiwe mpweke?
3. Mnyama gani alikuwa rafiki yako ulipokuwa mtoto, na alikufundisha nini?

Tumefika mwisho, mama. Jioni ya leo, ukikutana na jirani, muulize hali ya watoto, kisha muulize hali ya ng'ombe, ya kuku, au ya punda wake. Ukimaliza kuuliza, ngoja ajibu, usiondoke upesi. Huenda katika habari za mnyama akakuambia habari zake mwenyewe. Hadi juma lijalo, kwaheri ya kuonana, na mlale salama.